Risasi Katika Matanga ya Mjomba Kaimu

Jumatano, 2 Septemba 1953

Nimenunua daftari dukani kwa Mhindi. Isihaka kauliza la nini. Nikamwambia la kuandika makosa yake. Kasema, basi ungenunua mawili.

Loo! Kajibu papo hapo! Mume wangu huyu wa Kondoa ukimtania asubuhi anacheka adhuhuri, na jibu analeta kesho yake wakati anafunga viatu. Miaka minne ya ndoa, nimeshazoea. Sajini wake anamsifu gwarideni kwamba askari Isihaka hakurupuki. Hakurupuki kweli. Sokoni kuchagua fungu moja la mchicha anatumia muda wa kuivisha maharage.

Basi jibu la leo nimeliweka hapa ukurasa wa kwanza, liwe ushahidi. Hakuna wa kulisoma. Laini nzima ya polisi, nyumba hizi za askari hapa Nachingwea, wanawake tunaojua kusoma ni wawili: mimi niliyefika darasa la nne Ruangwa, na jirani yangu Letisia aliyesoma misheni. Na Letisia akitaka kujua jambo langu huja kuuliza mwenyewe, hana haja ya daftari.

Ijumaa, 4 Septemba

Mfungwa katoroka kwenye shamba la jela. Askari wote wamepewa bunduki. Letisia kapata habari kwa mumewe, Koplo Saturnini: Sajini kawaambia mtu huyo kaondoka na panga, na akimjia askari, askari asingoje kukatwa.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Kufika saa sita mapanga yalikuwa mawili. Jioni bombani, tunapochota maji, mfungwa alikuwa na upinde na dawa ya kutoonekana. Nikauliza, kama haonekani, upinde kauona nani? Wakaninunia.

Isihaka kapangiwa doria njia ya Nanganga. Katoka na bunduki begani, anaibeba kama mtoto wa jirani aliyelala. Nikamwambia, ukikutana na huyo mtu mwombe aje kesho, upate muda wa kumfikiria. Kacheka—lakini tayari kafika mferejini.

Jumapili, 6 Septemba

Mjomba Kaimu amefariki. Kazikwa Nkowe leo adhuhuri. Habari kaileta dereva wa lori.

Leo sina utani. Ndiye aliyenilea. Aliponipeleka shule watu walimcheka, anamsomesha mtoto wa kike ili aje awaandikie wanaume barua. Akawajibu, na nyinyi wanaume msiojua kusoma atawasomea nani? Mguu wake mmoja mbovu tangu nguruwe alipomrarua, na panga halikumtoka mkononi. Hata msikitini aliliegemeza ukutani, nje, kama watu wengine wanavyoacha viatu.

Kesho napanda lori. Isihaka bado yuko doria. Nimemwachia ujumbe kwa Koplo, aombe ruhusa aje Alhamisi, siku ya kuondoa matanga. Nadhani atakuja kwa baiskeli, na ile kanzu yake ya Idi.

Jumanne, 8 Septemba. Nkowe

Watani wameingia. Ndio waliochimba kaburi, ndio waliomwosha, na sasa ndio wanaotuchezea ili msiba usitulalie vifuani. Ukoo wao na wetu ni hivyo tangu babu wa babu. Wao wakifiwa, ni zamu yetu. Na kukasirika hakuna. Aliyekasirika analipa kuku.

Mkubwa wao ni Lukumani. Nimekua naye hapa hapa Nkowe, tumeibiana mihogo. Sasa ana mke, Ashura, na shamba zuri la mikorosho, na akili ni ile ile. Kavaa kanzu ya Mjomba. Kajipaka majivu uso mzima. Kashika panga la Mjomba, anachechemea mguu ule ule! Asubuhi kakamata sufuria la wali, kasema marehemu hajaruhusu wageni wale. Tumemkomboa kwa jogoo.

Bi Mwantumu, mjane, tangu Jumapili hajatia kitu mdomoni. Lukumani kamwendea anachechemea, kamgombeza kwa sauti ya marehemu kwa nini uji hauna chumvi. Bi Mwantumu kacheka mpaka kalia, kalia mpaka kala.

Baadaye Lukumani kaniuliza shemeji yetu wa Kondoa anakuja lini. Alhamisi, nikasema. Anazijua mila zetu? Nikasema yule hajui kitu, kwao wanataniana kwa maneno, halafu wanaombana radhi. Tukacheka sana. Nikamwambia, basi mpokee wewe, kama Mjomba mwenyewe angempokea. Aruke kidogo. Ajue kaoa wapi.

Siku zote ananisumbua kwa utulivu wake. Nina hamu ya kumwona akiruka.

Alhamisi, 10 Septemba

Isihaka kampiga Lukumani risasi.

Yu hai. Wamempeleka hospitali. Kanzu ya Mjomba yote damu.

Jumamosi, 12 Septemba. Nkowe

Niandike ilivyokuwa, maana kila mtu hapa ana yake.

Isihaka alikuja saa kumi alasiri. Si kwa baiskeli, si kwa kanzu. Doria yao ilifika mpaka njia panda, akaomba apite kutoa pole, akaja peke yake kwa miguu, na kaki zake, na bunduki. Siku sita hajalala vizuri. Akapita njia ya nyuma, ya shambani, kwa sababu ndiyo fupi.

Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Niliona kofia tu, juu ya mihogo. Bunduki sikuiona, ilikuwa bega la pili. Nikamkonyeza Lukumani. Hilo naliandika hapa, kwingine sijalisema.

Lukumani akajificha nyuma ya jiko. Isihaka alipotokeza uani, akamrukia—majivu, panga juu, mguu ule. Watu wakapiga yowe la kicheko. Isihaka akapaza sauti, "Simama!" Mara moja. Lukumani akamjibu kwa Kimwera, kwa sauti ya Mjomba: mimi nimeshakufa, utaniua mara ngapi? Tukaangua kicheko zaidi. Isihaka Kimwera hajui zaidi ya salamu na majina ya mboga. Akaona mtu mwenye panga anamjia, na nyuma yake wanawake wanapiga mayowe.

Risasi ikaingia pajani.

Kisha katupa bunduki chini. Kavua shati lake la serikali, kalichana, kamfunga mguu. Fundo likamshinda mpaka Lukumani akamshikia. Na Lukumani, midomo imemkauka, akamwambia: "Shemeji, pole ungeileta kwa mdomo tu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza utani wa Lukumani kukosa mtu.

Wamembeba kwa kitanda mpaka barabarani, lori likampeleka hospitali Nachingwea. Isihaka kashika mguu wa kitanda mmoja njia nzima.

Jumatatu, 14 Septemba. Nachingwea

Nimerudi. Isihaka yuko nyumbani. Wamemnyang'anya mkanda na bunduki, anangoja baraza la uchunguzi. Anakaa kibarazani na suruali anaishika kwa mkono. Nikampa kamba ya katani, nikamwambia sasa umefanana na mbuzi wa sadaka. Hakucheka. Nimengoja mpaka jioni. Hakucheka.

Bombani hakuna jambo jingine. Letisia upande wake uko wazi: askari anayesimama kuuliza "panga hilo la kweli au la kucheza?" anarudishwa kwa mkewe ndani ya shuka. Yeye ana watoto watatu, na Saturnini wake anamtaka arudi na miguu miwili, mengine wataulizana baadaye. Wengine wanasema, kama bunduki haijui kutofautisha kicheko na hasira, ibaki kwa mwenyewe, serikali, askari watembee na virungu. Mwingine kasema wote wakosaji, yule kwa kucheza na panga mbele ya askari, huyu kwa kuita mara moja badala ya tatu kama amri inavyosema.

Wakanigeukia. Wewe ulikuwepo, uliona nini? Nikasema ndoo yangu imejaa.

Jumanne, 15 Septemba

Mfungwa kapatikana. Alikuwa kijijini Mtua, kwa mama yake, muda wote huu. Kakutwa anakoroga ugali kwa sababu mama anaumwa mgongo. Panga hana, hakuwahi kuwa nalo. Panga la jela lilikutwa limesahauliwa kwenye shina la mti. Silaha aliyokamatwa nayo ni mwiko!

Laini nzima inacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani. Isihaka kasikia habari hiyo kwa Koplo. Kauliza tu, mama yake anaendeleaje na mgongo.

Jumatano, 16 Septemba

Bwana Inspekta, Mzungu anayechunguza jambo hili, anataka maelezo ya maandishi. Isihaka mwandiko wake ni wa kuku, kwa hiyo anasema yeye, naandika mimi. Sijui kama Mwenyezi Mungu ananitania.

Tulikwenda vizuri mpaka pale penyewe. Koplo Saturnini kamshauri kama ndugu: sema ulilenga mguu makusudi, ili usimwue. Wazungu wanapenda hivyo. Nami nikaandika: nililenga mguu. Nikamsomea.

"Futa," kasema. "Sikulenga."

Nikamwambia, risasi imeingia mguuni, si kifuani, nani atabisha? Kafikiri muda mrefu. Kasema yeye hakuona mguu. Aliona uso mweupe na chuma. Hakumbuki kidole. Anakumbuka mlio, kisha anakumbuka mtu kalala chini, na mtu huyo kavaa kanzu ya Mjomba, anayoijua, maana yeye ndiye aliyemnunulia Mjomba kanzu hiyo. "Ningepewa nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili tu," kasema, "ningeitambua kanzu."

Nikamkasirikia. Nikamwambia ukweli wako utatutoa kwenye nyumba hii, utakwenda jela na mimi nitarudi Nkowe kuchekwa. Kasema huenda. Kasema, lakini akiandika uongo kwenye hilo moja, hata yale ya kweli atakuwa hayajui tena.

Nimefuta. Nimeandika: sikulenga. Mwandiko wangu mzuri kabisa. Na mimi ninayejua zaidi ya yeye, nimekaa kimya mbele yake na kalamu mkononi. Naona aibu. Aibu kweli.

Ijumaa, 18 Septemba

Hospitali. Nimempelekea Lukumani uji na samaki. Mguu hawakati, alhamdulillahi, lakini goti halitakunjika tena. Kaniambia anatembea vile vile kama Mjomba sasa, hana haja ya kuigiza. Ajipake majivu tu.

Kisha kanieleza mambo yalivyo. Anashitakiwa yeye pia. Kumvamia askari kwa silaha. Bwana Inspekta kaja mpaka kitandani na mkalimani. Lukumani kasema ni utani. Bwana kasema watu wote wa Nkowe wamesema hivyo, lakini ni ndugu, na kila mtu aliyekwisha pigwa risasi atasema alikuwa anacheza. Bwana kauliza, yuko aliyejua kabla? Aliyekutuma ni nani? Lukumani kamjibu: marehemu. Mkalimani kakataa kulitafsiri.

Nikamwuliza mbona hunitaji. Kasema mtani hampeleki mtani bomani, mambo yetu yanaisha kwa kuku. Kasema hivyo anacheka, lakini shuka lilikuwa limelowa jasho. Anaogopa. Ni mara ya kwanza kumwona anaogopa. Wanazungumzia miaka mitatu.

Ashura mkewe alikuwa pale, pembeni, anakunja nguo. Ana mimba ya miezi saba. Hajui yale tuliyopanga. Nilipoaga kanifuata mpaka mlangoni. Nilidhani atanitukana kwa ajili ya mume wangu. Kaongea taratibu tu: "Dada, utani ni wenu. Mguu ni wa mume wangu, na korosho za mwaka huu nitaziokota mimi na tumbo langu."

Mimi, Sikuzani! Nimetembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu.

Sasa niliandike wazi nilione. Nikisema mimi, mke wa askari mwenyewe, ndiye niliyempanga, Bwana ataamini, Lukumani anaachiwa. Na Isihaka anakuwa askari aliyempiga risasi mtu anayecheza, tena kwa kuita mara moja. Kazi imekwenda, na huenda jela. Nikikaa kimya, panga linakuwa panga kweli, Isihaka kajitetea, anarudishiwa mkanda. Na Lukumani anakwenda na goti lake.

Jumatatu, 21 Septemba

Leo Bwana Inspekta kaenda Nkowe na saa yake. Anataka kuona jambo lenyewe likifanyika tena. Mimi nikapelekwa na mashahidi wengine nyuma ya gari, na Letisia na wanawake wa laini wakapanda kutazama.

Isihaka kasimamishwa pale pale uani, kapewa fimbo badala ya bunduki. Koplo Saturnini kapewa kazi ya Lukumani. Majivu kakataa, kasema atachafua kaki. Panga kapewa la mbao. Bwana kaminya saa: haya! Koplo akatoka nyuma ya jiko.

Nkowe nzima imekuja kutazama. Mara ya kwanza wakamkatalia. Anachechemea mguu siyo! Akarudia. Bi Mwantumu, mjane mwenyewe, kasimama kamwonyesha jinsi marehemu alivyokuwa anautupa mguu, Koplo anafuata nyuma yake anajifunza, jasho linamtoka. Mara ya tatu watu wakamshangilia. Hata Bwana kauma mdomo.

Hatua kumi na mbili. Sekunde tatu.

Bwana kawaeleza askari wake. Mkalimani anasema na sisi tunasikia. Kwamba yeye ameketi na jambo hili siku kumi, na kiti, na chai. Askari Isihaka alikuwa na sekunde tatu. Asihukumiwe kwa siku kumi zetu. Nikampenda Bwana kwa neno hilo. Lakini mzee mmoja wa upande wa watani akaomba kuuliza. Kauliza, na Lukumani yeye alikuwa na ngapi? Maana naye aliiona bunduki zikiwa zimebaki hatua chache, hakuwa na wakati wa kuacha kuchekesha. Bwana kaandika hilo pia.

Njiani kurudi tukajaribu. Letisia anahesabu tatu, kila mtu aseme angefanya nini. Letisia mwenyewe kasema kwa sekunde tatu hata kifuniko cha chungu chake hakioni. Mwingine angekimbia. Mwingine angejikojolea. Nikacheka nao. Zamu yangu ilipofika nikawaambia mimi ningekonyeza. Hawakuelewa. Wakadhani ni utani.

Nimekuwa na siku kumi na moja. Sekunde tatu zinamtosha mtu kukosea. Siku kumi na moja hazijanitosha kusema neno moja.

Jumatano, 23 Septemba

Baraza ni kesho, bomani. Jina langu limo kwenye mashahidi.

Nimemwambia.

Adhuhuri, alikuwa anamenya mihogo kibarazani. Nikakaa chini mbele yake nikasema yote: Jumanne ile, maneno niliyomwambia Lukumani, kofia juu ya mihogo, jicho langu. Nikasema nilitaka tu kukuona ukiruka. Sikujua una bunduki. Sikufikiri. Nikalia. Sikukusudia kulia.

Kamaliza muhogo aliokuwa nao mkononi. Kautia kwenye maji. Kachukua mwingine.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanisubiri," kasema. "Wote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui peke yangu."

Nikasema ndiyo.

Kamenya ule wa pili wote. Kisha kasema: "Kesho ukiulizwa, sema ulichokiona. Hawatakuuliza ulichopanga."

Kasimama, kavaa viatu, katoka na ile kamba ya katani kiunoni. Kala kwa Saturnini. Mihogo yake nimeipika, nimeila peke yangu, haikuwa na ladha.

Sasa ruhusa ninayo. Mume wangu mwenyewe, yule wa "futa, sikulenga", kanipa ruhusa ya kunyamaza. Nilidhani nitafurahi. Naumia kuliko jana. Kunyamaza nimemfundisha mimi.

Alhamisi, 24 Septemba. Bomani

Naandika kwenye ngazi. Bwana amekwenda kula, tumeambiwa tungoje.

Asubuhi tulipangwa barazani. Mabenchi mawili yanatazamana. Benchi la kulia la askari Isihaka na watu wake, la kushoto la Lukumani na wa kwake. Lukumani kaletwa na magongo, kamsalimia Isihaka "shemeji", Isihaka kaitikia. Bwana kakunja uso, hakujua aandike nini.

Karani kapita na kitabu anaandika mashahidi. Ndiyo kawaida hapa, kila shahidi aseme upande wa nani, akae benchi lake. Letisia kanivuta nikae kulia, kashika kanga yangu kabisa. Karani naye hakuona haja ya kuuliza, mke wa askari, alishaanza kuandika.

Isihaka kasimama. Hana mkanda, hana kofia.

"Huyo ni shahidi wa Lukumani," kasema. "Mwandike upande ule."

Karani kadhani ni mzaha, kacheka, kisha kaacha. Kasema mwanamke aseme kwa mdomo wake, na Bwana sasa anakwenda kula. Akirudi ataniuliza, na atakapoandika hafuti.

Nimemfuata Isihaka pembeni, askari wa zamu kaniruhusu kidogo. Nikamwuliza, jana umesema nyamaza, leo umenipeleka kule—unanifungulia mlango au unanifukuza? Kasema jana alisema kwa hasira. Nikangoja aendelee. Kaniuliza kama nimekula. Sijui ni mapenzi au ni talaka, na sithubutu kuuliza mara ya pili.

Letisia hanisemeshi. Kwanza alinisemesha sana: una wazimu wewe na mumeo, nyumba yenu ya laini itachukuliwa kabla mwezi haujaandama, kaa kwa mume wako. Sasa kanuna. Simlaumu.

Lukumani kanitikisia kichwa kutoka upande wake. Hapana, anamaanisha. Usinitaje, usijitaje. Kisha kaangalia goti lake.

Ashura yeye ananitazama tangu asubuhi. Mwanamke huyu si mjinga. Anajiuliza mke wa askari anajua nini hata awe shahidi wa mume wake yeye. Nadhani anakaribia kupata jibu. Macho yake hayana upole, hayana ukali, yananingoja tu.

Naogopa. Naogopa Isihaka kufungwa. Naogopa kurudi Nkowe. Naogopa zaidi kwamba nitasimama pale na ulimi wangu huu utafute neno la kuchekesha.

Gari la Bwana limepinda kwenye mikorosho. Askari wanajipanga. Isihaka kakaa mwisho kabisa wa benchi lake, kaacha nafasi ya mtu mmoja. Na huku, kwenye benchi la kushoto, Ashura kainua kikapu chake kilichoziba nafasi ubavuni, kakipakata juu ya tumbo.

Karani katoka na kitabu. Kaniita jina. Nimesimama.